Pesa kwa simu mashariki mwa Congo: nani anabeba hasara ya mteja?

Tangu AFC/M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, banki zilifunga milango katika miji hiyo miwili. Mishahara, pesa za masomo, malipo ya mizigo ya sokoni, msaada wa jamaa walioko Kinshasa au Ulaya: mengi ya hayo yalihamia kwenye simu. Airtel Money, M-Pesa na Orange Money, zilizokuwa zikisaidia banki, zikageuka kuwa banki ya raia.

Mashirika haya hutafuta imani ya mteja kwa matangazo na kwa onyo moja: usimpe mtu namba yako ya siri. Onyo hilo ni la haki, lakini linamtwika mteja mzigo wote.

Pesa ya simu husimama juu ya miguu miwili. Wa kwanza ni banki: shirika linapaswa kuweka huko akiba inayolingana na pesa zilizomo katika simu za wateja. Wa pili ni wakala anayekaa chini ya mwavuli kando ya barabara, ambaye anahitaji noti mkononi na salio kwenye simu. Banki zilipofungwa, noti ziliadimika, na wakaaji wa Goma wakaanza kulipishwa zaidi ili kutoa pesa zao wenyewe. Mama anayetaka franka za kununua unga hapimi usalama kwa kompyuta za shirika. Anaupima kwa wakala.

Kuna pia matapeli. Mmoja anapiga simu akijifanya mfanyakazi wa shirika. Mwingine anatuma ujumbe wa uongo kwamba pesa zimekufikia kwa makosa, anaomba uzirudishe. Wa tatu anaomba kadi mpya ya simu kwa jina lako, namba yako inahamia kwake. Katika mbinu hii ya mwisho, kosa la kwanza ni la aliyetoa kadi bila kukagua kitambulisho.

Kinga zipo. Nchini Kenya, ambako M-Pesa ilianza 2007, mtumaji huonyeshwa jina la mpokeaji. Akiona silo, anasimamisha pesa kabla hazijaondoka. Ni hatua ndogo, lakini shirika nalo linakesha pamoja na mteja.

Sheria ya mambo ya dijitali, iliyotiwa sahihi Kinshasa tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za binafsi na kuadhibu makosa ya mitandaoni. Lakini sheria inahitaji polisi na mahakama, vyombo vilivyovurugwa na vita Goma na Bukavu. Kwa aliyeibiwa huko, mlango wa karibu ni shirika lenyewe: namba ya msaada inayojibu kwa Kiswahili, tena haraka, kwa sababu mwizi hutoa pesa kwa dakika chache. Likifunga akaunti ya mwizi mapema na kueleza wazi nani atalipa pale mfanyakazi au wakala wake alipokosa, mteja atarudi.

Likishindwa, mteja ataficha dola zake nyumbani. Na katika miji ambako wenye silaha huvamia nyumba usiku, hasara hiyo inaweza kuzidi pesa.