Butembo na Beni: Bei ndogo peke yake isichague muuzaji

Katika madepo mengi ya Butembo na Beni, muuzaji wa jumla akitaja bei iliyo chini ya wenzake kwa dola mbili au tatu, mazungumzo yanaishia hapo. Makuta yanatumwa, fakture inaandikwa, na kila mtu anaanza kungojea mzigo. Kama bati ni nyepesi kuliko ilivyosemwa, kama kontena inachelewa njiani wiki tatu, kama muuzaji hapokei tena simu, hayo yote yanaonekana baadaye, wakati makuta yamekwisha kutoka. Jambo hilo linafilisisha watu, tena si wavivu wala wajinga. Umefika wakati wafanyabiashara, vyama vya wakulima na ofisi za serikali katika Grand Nord waanze kuchagua wauzaji kwa mizani yenye vipimo vingi, iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mazingira yenyewe yanadai hivyo. Mzigo mwingi wa Butembo unashuka meli Mombasa, unavuka Kenya na Uganda, unafika Mpondwe, unaingia Kasindi, unapita duane, kisha unabaki na kilomita 80 hadi Beni na nyingine 54 hadi Butembo. Barabara hiyo iko katika mradi ambao marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua Juni 2021, na kila mwenye gari anajua faida ya lami. Lakini lami haizuii risasi. Kwenye njia ya Beni–Kasindi magari yamechomwa na watu wameuawa mara nyingi. Upande wa kusini, Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 Juni 2024, na Goma ikafuata Januari 2025. Mfanyabiashara wa Butembo aliyezoea kuuza au kununua upande huo amejionea jinsi njia moja inavyoweza kufa.

Katika hali hiyo, bei iliyo kwenye fakture ni kipande tu cha bei ya kweli. Siku ambazo mzigo unalala njiani zina gharama. Deni la benki au la mkopeshaji linaendelea kuzaa. Mteja aliyengojea amekwenda duka la jirani. Muuzaji wa bei ya juu kidogo anayeleta kwa wakati anaweza kuwa rahisi kuliko yule wa bei ya chini.

Kuaminiana peke yake hakutoshi tena

Wengine watajibu kwamba Butembo haikungoja wataalamu ili ijue biashara. Ni kweli. Mji huu umejijenga kwa sehemu kubwa bila msaada wa serikali. Wafanyabiashara wake walifika Dubai, Guangzhou na Jakarta, wakaagiza pamoja kontena moja, wakakopeshana kwa neno la mdomo. Mtafiti Timothy Raeymaekers alitoa kitabu kizima mwaka 2014 juu ya biashara ya mpakani ya eneo hili na watu wake. Kuaminiana ni mali, na hakuna mwenye akili anayetaka itupwe.

Lakini kuaminiana kuna mipaka yake. Kwanza, kunamfaa yule aliye tayari ndani: mtoto wa fulani, shemeji wa fulani, muumini wa kanisa fulani. Kijana au mama anayeanza na dola mia tano hana jina hilo. Pili, mtu anaweza kuwa mwaminifu na bado akawa na mali dhaifu, au njia mbaya, au mtaji usiotosha. Uaminifu ni kipimo kimoja kati ya vingi. Ukiwekwa peke yake kwenye mizani unaficha vingine. Tatu, hukumu iliyobaki kichwani mwa baba haiwezi kurithiwa. Siku anapougua au kufariki, watoto wanapata depo na madeni, lakini hawajui kwa nini alinunua kwa huyu na kumkataa yule.

Elimu ipo, tena si ya leo

Zaidi ya nusu karne watu wamelichunguza swali hili. Mwaka 1966, Gary Dickson aliwauliza maofisa wanunuzi wa makampuni huko Amerika ya Kaskazini wanaangalia nini wanapochagua muuzaji. Alipata vipimo 23. Ubora wa mali ulikuwa wa kwanza, kufikisha kwa wakati ukafuata, kisha historia ya muuzaji. Bei ilikuwamo, lakini haikuwa ya kwanza. Katika miaka ya 1970, Thomas Saaty alionyesha namna ya kupima uzito wa kila kipimo kwa kuvilinganisha viwili viwili: je, ubora ni mkubwa kuliko wakati, na kwa kiasi gani? Mwaka 1981, Hwang na Yoon walitoa njia nyingine: muuzaji wa kuchagua ni yule aliye karibu zaidi na muuzaji bora wa kufikirika na mbali zaidi na mbaya wa kufikirika.

Hata hivyo ugumu mmoja ulibaki. Watu hawasemi kwa namba. Wanasema muuzaji huyu ni “mzuri kidogo”, mali yake ni “ya katikati”, mzigo “haukawii sana”. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku na profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika mwaka 1965 makala iliyoanzisha hesabu za fazi, yaani hesabu za mambo ambayo mipaka yake haiko wazi. Mwaka 1970 yeye na Richard Bellman walizipeleka hesabu hizo kwenye kazi ya kuamua. Wazo lao linaeleweka sokoni: neno kama “mzuri” lisilazimishwe kuwa namba moja. Njia moja ya kufanya hivyo ni kulipa namba tatu, ya mambo yakienda vibaya, ya mambo yakienda kama kawaida, na ya mambo yakienda vizuri.

Uzuri wa namba hizo tatu ni kwamba zinaonyesha ujuzi na ujinga kwa pamoja. Muuzaji unayemjua kwa miaka kumi, namba zake tatu zinakaribiana. Muuzaji uliyempata juzi kwenye simu, namba zake zinaachana, hata kama picha za mali yake zinapendeza.

Mfano wa daftari

Chukua duka la kufikirika linalotaka mabati. Kuna wauzaji wawili: mmoja wa mbali, kule Asia, na mmoja wa karibu, Kampala. Mwenye duka anaamua kwamba katika uzito wa 10, bei inachukua 4, ubora 3 na wakati 3. Kisha anatoa alama kati ya 0 na 10. Wa mbali anapata 7, 8, 9 kwa bei. 2, 6, 8 kwa ubora. Na 1, 5, 6 kwa wakati. Wa karibu anapata 4, 5, 6 kwa bei. 6, 7, 8 kwa ubora. Na 5, 7, 8 kwa wakati.

Kila alama ikizidishwa kwa uzito wake, zikajumlishwa na kugawanywa kwa 10, wa mbali anabaki na 3,7 mambo yakienda vibaya, 6,5 yakienda kama kawaida na 7,8 yakienda vizuri. Wa karibu anabaki na 4,9, 6,2 na 7,2. Anayeangalia siku ya kawaida tu atamchagua wa mbali. Anayeangalia siku mbaya atamchagua wa karibu, tena kwa tofauti kubwa. Wastani wa namba tatu ni 6,0 kwa wa mbali na 6,1 kwa wa karibu: karibu sawa.

Hapo ndipo karatasi inapofanya kazi ambayo bei peke yake haiwezi. Inamwambia mwenye duka kwamba swali la kweli si “nani rahisi?” bali “nikipata hasara, nitasimama tena?” Tajiri mwenye madepo manne anaweza kujaribu bahati na wa mbali. Mjane anayefanya biashara na makuta ya likelemba hawezi. Yeye aangalie namba ya kwanza. Karatasi ni moja, majibu ni mawili, na yote mawili ni sahihi.

Sasa mwenye duka yule yule abadili uzito: bei 6, ubora 2, wakati 2. Wastani wa wa mbali unapanda hadi karibu 6,7, na wa karibu anashuka hadi 5,7. Mali ni ile ile, wauzaji ni wale wale, ila mshindi amejulikana bila shaka yoyote. Kwa hiyo uzito wa kila kipimo unapaswa kuandikwa na kutiwa sahihi kabla ya bei kufunguliwa. Ukiandikwa baada ya majina kujulikana, hesabu yote inakuwa nguo ya kufunika rushwa.

Vitu visivyofidiwa kwa bei

Njia hii ina hatari moja ambayo lazima isemwe. Katika kujumlisha, alama nzuri ya bei inaweza kufunika alama mbaya ya ubora. Kwa mabati, mtu anaweza kuvumilia. Kwa dawa, hapana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu dawa moja kati ya kumi ni ya bandia au haifikii kiwango. Dawa ya malaria isiyo na nguvu haipati nafuu kwa kuwa ya bei ndogo, inamzika mtoto.

Ndiyo maana vipimo vingine viwe mlango, visiwe alama. Muuzaji wa dawa asiye na karatasi halali, muuzaji wa mbegu zisizojulikana zimetoka wapi, muuzaji wa vyakula ambavyo tarehe yake imefutwa: hao hawafiki kwenye hesabu. Wanaachwa nje kwanza, ndipo waliobaki wanapimwa.

Somo hilo linahusu pia ofisi za serikali. Sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serikali inataka ushindani uwe kanuni. Tangu Goma ichukuliwe, uongozi wa jimbo unafanyia kazi Beni, na manunuzi ya jimbo yamesogea karibu na macho ya wananchi. Raia wa Beni na Butembo wana haki ya kuuliza: vipimo vilikuwa vipi, uzito ulikuwa kiasi gani, nani alitoa alama, na vilibandikwa ukutani lini?

Grand Nord nayo inachaguliwa

Kuna sababu nyingine ya kujifunza mizani hii: wengine wanaitumia tayari juu ya mali ya hapa. Kakao ya Beni na Mutwanga, na kahawa ya vyama kama Kawa Kanzururu katika sekta ya Ruwenzori, haziuzwi kwa kilo peke yake. Mnunuzi wa Ulaya anapima ladha, unyevu, uhakika wa kufikisha na karatasi za asili ya mali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa misitu inataka kahawa na kakao zijulikane zimetoka shamba gani. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini mwelekeo unaonekana. Chama kinachojua jinsi kinavyopewa alama kinajua pia wapi pa kutia nguvu. Kisichojua kitaendelea kulalamika kwamba bei ni ndogo bila kujua kwa nini.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi ni za wasomi na kompyuta zao. Mfano wa mabati unahitaji daftari la shule na kalamu. Wapo pia watakaosema kwamba namba haziwezi kujua siku ambayo njia itafungwa. Hilo ni sahihi, na hakuna namba itakayozuia vita. Lakini namba ya kwanza kati ya zile tatu inamlazimisha mtu kuifikiria siku hiyo kabla ya kutuma makuta.

Kazi iko kwa wengi. FEC ya Butembo na ya Beni inaweza kuwafundisha wanachama wake kwa siku mbili tu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben na Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori vina wanafunzi wa uchumi wanaotafuta kila mwaka jambo la kuandika. Wapelekwe madepo, wakae na wauzaji wa vitenge, saruji na chumvi, watengeneze mizani inayofaa soko la hapa. Vyama vya wakulima vianze na manunuzi ya magunia na mashine. Na familia za biashara ziwaite watoto mezani siku ya kuchagua muuzaji, ili hukumu ya wazee ibaki kwenye karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika njia ya Kasindi ya leo, hata uchaguzi wa muuzaji unahitaji daftari lake.