Gitaa la Mkono wa Shoto na Kiganja Kinachokufa Ganzi

Mtoto wa Ikungi anayeshika kijiko kwa mkono wa kushoto hurekebishwa mapema. Akiwa kijana na kujiunga na kwaya, hukuta gitaa lililotengenezwa kwa wanaotumia mkono wa kulia. Huzibadilisha nyuzi nafasi, akapiga kwa kushoto na kubana kwa kulia. Mambo humwendea vema hadi afikie kodi ya fa, inayomtaka akilaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Kiganja kinauma, sauti inakwama, na mwalimu anahukumu kuwa tatizo ni mashoto yake.

Hukumu hiyo haina msingi. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia zaidi mkono wa kushoto, na kodi hii humwelemea kila anayeanza. Mwenye kutumia kulia hubana kwa mkono wake dhaifu. Mwenye mashoto naye hubana kwa ulio dhaifu kwake. Wapo wasemao kwamba, kwa kuwa gitaa lahitaji mikono yote miwili, kijana huyo ajifunze kama wenzake. Hoja hiyo ina uzito, na wapo waliofanikiwa hivyo. Lakini uchaguzi ni wa mwenye mkono, wala hautamwondolea adha ya kidole kilicholazwa. Jimi Hendrix aligeuza gitaa la kulia, akalifunga nyuzi upya, na dunia ikamsikiliza.

Kinachostahili kulaumiwa mara nyingi ni chombo. Nyuzi zikibadilishwa nafasi, ule mnene huangukia mfereji mwembamba karibu na kichwa cha gitaa, hauzami, nao hukaa juu mno. Hapo ndipo kodi ya fa inapobanwa. Fundi mwenye tupa ndogo, au kipande kipya chenye mifereji sahihi, huleta nafuu kuliko mwezi mzima wa kukaza meno. Mwanafunzi naye aanzie katikati ya shingo ya gitaa, ambako nyuzi hubonyea kwa urahisi, akilalie kidole upande wa mfupa na kuvuta kwa uzito wa mkono badala ya kukamua kwa gumba.

Ncha za vidole kuuma katika majuma ya mwanzo ni jambo la kawaida. Ganzi si kawaida. Ikishika gumba, shahada na kidole cha kati, hasa ikimwamsha mtu usiku, neva ipitayo katikati ya kifundo cha mkono yaweza kuwa imebanwa. Kukunja kifundo kwa muda mrefu huongeza mbano huo. Kisukari, ujauzito na udhaifu wa tezi ya shingo huongeza hatari. Ikipuuzwa, msuli wa chini ya gumba hunywea, na hapo hasara si ya muziki peke yake: mkono uleule ndio unaoshika jembe katika shamba la alizeti.

Kumwambia mgonjwa "acha gitaa" ni ushauri rahisi kupita kiasi. Mhudumu aulize kuhusu jembe, ndoo na usingizi, amfungie kifundo kikiwa kimenyooka wakati wa usiku, na amwelekeze hospitalini ganzi isipokoma au gumba likianza kulegea. Kisha amwambie aje na gitaa lake, aketi, abane kodi ya fa; kifundo kilichopinda kitaonekana kwa macho.