Dawa ya Deni ni Kulipa: Feza ya Nyumba ya Wafanyakazi wa Likasi

Wana wa Likasi, ninyi wa Kikula na wa Panda, ninyi wa Shituru na wa katikati ya mji: leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja analijua nyumbani mwake, lakini wachache wanalisema wazi. Jambo hilo ni feza ya nyumba, ile ambayo mwajiri amekubali kutoa ili mfanyakazi apate pa kulaza watoto wake, na ambayo kwa wengi wetu inachelewa mwezi, miezi mitatu, hata mwaka.

Tunamjua baba mmoja wa Kikula. Kazi anafanya, asubuhi hakosi. Mshahara wake unafika, ingawa kwa kuchechemea. Lakini feza ya nyumba iliyoandikwa katika kontra yake haikufika kwa miezi saba. Kila alipouliza, karani alimjibu: "Ngoja kwanza, baba, karatasi ziko Lubumbashi." Mwenye nyumba naye hakungoja karatasi za Lubumbashi. Alikula kwanza garanti yote, halafu akafunga mlango kwa kufuli, na vyombo vya mama vikalala uani katika mvua ya Februari. Tulipomwuliza baba huyu kama alipata kuandika barua hata moja katika miezi hiyo saba, aliinamisha kichwa. Hakuandika hata moja.

Hatutaji jina la mwajiri wake, maana si yeye peke yake. Tunasema jambo lenyewe: deni la nyumba linakua kwa sababu mwenye kudaiwa hana haya, na tena kwa sababu mwenye kudai hana karatasi. Wazee walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukumbuke tulikotoka. Mji wetu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona kwamba mtu aliyeletwa kazini kutoka mbali, akilala vibaya, ataugua, atakufa ao atatoroka. Toka miaka ya 1920 ilianza kutafuta mfanyakazi wa kudumu, pamoja na mke wake na watoto wake, ikawapa nyumba katika kambi, na posho juu yake. Haikufanya hivyo kwa huruma. Ilifanya kwa hesabu yake yenyewe, na nyumba ile ilikuwa pia kamba ya kumfungia mtu, maana aliyefukuzwa kazini alifukuzwa na nyumbani. Hatuitamani kamba ile. Lakini mabwana wale walijua jambo moja ambalo waajiri wengine wa leo wamelisahau: mtu asiye na pa kulala hana nguvu ya kufanya kazi.

Siku ya 1 Januari 1967 machimbo yaliingia katika mikono ya serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1990 kazi ilianguka, na mishahara ikakatika. Ilipofika 2003 walikuwako watu waliopita miaka miwili bila kulipwa, na katika mwaka huo wafanyakazi 10.655 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa msaada wa feza za Banki ya Dunia. Wengi wao waliendelea kwa miaka mingi kusema kwamba hesabu ya haki zao haikutimia. Hakuna jamaa hapa Likasi isiyomjua mmoja wao. Basi tusiseme kwamba hatukuonywa. Deni la mfanyakazi likiachwa lilale, linazeeka pamoja naye, na mara nyingi yeye ndiye anayetangulia kufa.

Sasa tusome sheria, maana ni yetu. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema katika kifungu cha 138 kwamba mwajiri ana lazima ya kumpa mfanyakazi na jamaa yake nyumba ya kufaa, ao, asipoweza, feza ya nyumba ya kutosha. Na feza hiyo itajwe ndani ya kontra ao katika karatasi ya mshahara. Sheria hiyohiyo imeitenga feza ya nyumba na mshahara. Kwa hiyo mwajiri anayesema, "Feza yako ya nyumba imo ndani ya mshahara, usiniulize tena," huyo aonyeshe mstari ulioandikwa. Asipouonyesha, bado anadaiwa. Serikali yenyewe, katika amri yake ya 22 Mei 2018, iliweka pamoja mambo matatu: mshahara wa chini kabisa, feza ya watoto, na kiasi cha feza kinachosimama mahali pa nyumba. Ni nani basi atakayetuambia kwamba feza ya nyumba ni zawadi ya bwana mwema?

Lakini sheria haimtafuti mtu kitandani. Tena sheria ina saa yake. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja toka siku ulipotakiwa kulipwa. Madai mengine ya kontra hufa baada ya miaka mitatu. Wenye ujanja watataka tugombane kama feza ya nyumba ni ya fungu hili ao la fungu lile, na siku zinapita. Tusiingie mtegoni. Kila mmoja adai kabla ya mwaka kuisha, naye atakuwa salama kwa hesabu zote mbili.

Namna ya kudai ni hii. Kwanza, tunza kontra yako na kila karatasi ya mshahara, zikae pamoja mahali pakavu, na mama wa nyumba ajue ziliko. Pili, mwezi wa kwanza feza isipofika, andika barua: jina, kazi, miezi isiyolipwa, jumla ya deni. Barua ya posta yenye hati ya kuonyesha kwamba imepokelewa inasimamisha ile saa ya sheria. Maneno ya mlangoni kwa karani hayasimamishi kitu. Tatu, mwajiri akinyamaza, nenda kwa inspekta wa kazi. Huko ndiko njia inakopita: baraza ya kazi haipokei shauri la mfanyakazi na mwajiri wake kama halikupita kwanza kwa inspekta ili kusuluhishwa. Na kulipeleka dai kwa inspekta, hilo nalo linasimamisha saa. Nne, usiende peke yako. Watu ishirini wa kazi moja wenye deni moja, na sindika mbele yao, hawaambiwi "ngoja kwanza" kwa wepesi. Mmoja akienda peke yake anaitwa mkorofi. Ishirini wakienda pamoja wanaitwa wafanyakazi.

Ninyi walimu na watumishi wa serikali, msifikiri kwamba haya si yenu. Sheria ya watumishi ya 15 Julai 2016 nayo inaitaja feza ya nyumba. Kama njia yenu ni nyingine, daftari ni lilelile na kalamu ni ileile.

Kwa waajiri tuna neno moja, nalo si la matusi. Tunajua kwamba bei ya shaba hupanda na kushuka, na kwamba mara nyingine sanduku ni tupu. Lakini mtu mwenye sanduku tupu huita wadai wake na kuwaambia siku. Huko Uingereza, ambako baraza ya mji husaidia maskini kulipa kodi ya nyumba, sheria inasema kwamba ofisi ikichelewa kumaliza hesabu ya mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi, bila kosa la mpangaji, itoe kwanza sehemu ya feza katika siku 14, na hesabu iendelee nyuma. Kumbe inawezekana. Lipeni nusu leo, andikeni tarehe ya nusu ya pili, tieni sahihi. Mfanyakazi akiwa na karatasi hiyo mkononi atasema na mwenye nyumba, na watoto hawatalala nje.

Ninyi wenye nyumba pia tunawaambia. Wengi wenu ni wajane na wazee wa kazi, na kodi hiyo ndiyo unga wenu. Hatusemi mkae bila kulipwa. Lakini sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba imeweka garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, na ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba uende kwanza kusuluhishwa mbele ya ofisi ya nyumba ya serikali. Kufuli la usiku si hukumu. Mwiteni mpangaji, aonyeshe barua aliyomwandikia mwajiri wake, mpatane siku. Adui wa mwenye nyumba si mpangaji aliyecheleweshewa. Wote wawili wanadai mlango mmoja.

Na mwisho tujiambie sisi wenyewe ukweli, hata kama unauma. Wako kati yetu wanaoipokea feza ya nyumba Ijumaa, na Jumatatu imekwisha katika chupa. Mtu wa namna hii anawaharibia wenzake, maana mwajiri humwonyesha kidole na kusema: "Mnaona? Hata nikiwalipa, kodi hawatoi." Feza ya nyumba si ya baba peke yake. Ni ya mama na watoto, nayo iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na risiti irudi nyumbani.

Ndugu, wazee wetu walichimba shaba iliyojenga miji ya mbali, nao wengine walikufa wakiwa wadai. Sisi tusife hivyo. Jioni hii, kabla ya kulala, toa karatasi zako, hesabu miezi unayodai, andika barua. Kesho mwonyeshe mwenzako wa kazi, naye aandike yake. Kuomba ni kwa asiye na haki. Sisi tunadai.

Dawa ya deni ni kulipa. Na dawa ya kunyamaza ni kuandika.