Sola Juu ya Paa, Ufa Kwa Ngazi

Wasee, ploti yetu sasa ni "ya kijani." Ndivyo mwenye ploti anavyoitangaza siku hizi. Ameweka hita za sola juu ya paa, ameongeza matangi ya maji, na pale getini kuna bango jipya: maji moto masaa 24. Rent nayo imepanda, bila shaka.

Kitu ambacho bango halisemi ni kwamba kwa ngazi ya kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya nne kuna ufa. Ile wiki matangi yalipandishwa, nilichukua penseli nikachora kamstari mahali ufa ulikuwa umefika, nikaandika tarehe. Miezi miwili baadaye, ufa ulikuwa umepita kamstari kwa urefu wa kidole.

Sisemi jengo litaanguka. Mimi si injinia, na kuna nyufa za plasta tu ambazo hazina noma. Lakini nilimuuliza mwenye ploti swali moja, kwa heshima: kabla hayo matangi yapandishwe, nani alipiga hesabu? Akanijibu, "Kijana, huyo fundi wangu ana miaka ishirini kwa mjengo."

Hilo si jibu. Na msimamo wangu leo ni huu: usiniambie jengo ni la kijani kama huwezi kuniambia nani alipiga hesabu ya mzigo wake.

Tupige kidogo sisi wenyewe, hata bila digrii. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Probox moja ni tani moja na kitu kidogo. Kwa hivyo tangi moja lililojaa ni kama kupaki Probox tisa juu ya vichwa vyetu. Sisi tuna matangi matatu. Ongeza hita 12 za lita 300 kila moja, hayo ni maji ya kilo 3,600 bila kuhesabu vyuma vyake.

Huo mzigo wote haukai juu. Unatoka kwa slabu unaingia kwa bimu, kutoka kwa bimu unaingia kwa nguzo, nguzo inaushusha hadi kwa msingi, na msingi unaumwagia udongo. Ile nguzo unayoegemea pale chini ukisubiri boda inabeba kila kitu kilicho juu yake. Kama ilichorwa kubeba ghorofa nne, na mtu akaongeza mbili, kisha akapandisha Probox 27, hiyo nguzo haijui kwamba nia ilikuwa kuokoa mazingira.

Paneli za stima zenyewe, kwa haki, si nzito hivyo. Moja ni kilo ishirini na kitu. Shida yake ni nyingine: upepo ukipita juu ya paa huwa unavuta paneli kwenda juu, kwa hivyo lazima zifungwe sawasawa. Sasa fundi akitoboa slabu ovyo ili afunge boliti, maji ya mvua yanaingia, yanafika kwa nondo, nondo zinashika kutu. Na chuma kikishika kutu huwa kinavimba. Kinapasua konkriti kutoka ndani, polepole, ukiwa umelala.

Kuna wale wataniambia, "Buda, unaongea mambo ya usalama, mazingira ni topiki nyingine." Hapana, ni topiki moja. Utengenezaji wa simiti unatoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi yote ambayo binadamu tunamwaga hewani. Chokaa inachomwa kwa joto la nyuzi karibu 1,450, na hilo jiwe lenyewe linatoa hiyo gesi likiungua, hata kama moto wa tanuri ungekuwa wa sola. Kwa hivyo jengo likibomoka baada ya miaka mitano, tumechafua hewa mara mbili: tulipolijenga, na tutakapojenga lingine. Jengo la kijani ni lile linalosimama miaka mia. Injinia mzuri pia anajua mahali simiti nyingi ni ya bure na mahali nondo zaidi ni lazima. Hesabu yake inaokoa watu na inaokoa simiti.

Wazee wetu wa Pwani walilijua hili bila bango. Ukiingia nyumba ya kale Lamu, utaona vyumba ni vyembamba na virefu. Sababu ni kwamba boriti za mikoko zina urefu wake, na fundi hakuzilazimisha kuvuka upana zisioweza kubeba. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, ndani kuna baridi, hakuna AC. Chumba kilifuata nguvu ya boriti. Sisi tunafuata idadi ya wapangaji.

Na tunajua matokeo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma. Takriban watu 50 walikufa. Lilikuwa karibu na mto, na tayari lilikuwa kwenye orodha ya majengo ya kubomolewa. Desemba 2019, lingine likaanguka Tassia. Kila mara tunalia, tunapost mishumaa, kisha tunarudi kutafuta keja yenye rent rahisi.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba Kenya tunajua kufanya hii kazi vizuri. Angalia ule mradi wa upepo wa Turkana, kule Marsabit: mitambo 365, megawati 310, gharama ya takriban yuro milioni 620. Kila mtambo umesimama kwenye mnara wa mita 44, na upepo wa lile jangwa unausukuma kutoka kando mchana na usiku. Ile usioona ndiyo inaushikilia: msingi wa konkriti na chuma uliofukiwa chini. Hakuna mwekezaji angetoa pesa kama hizo kwa sababu "fundi ana miaka ishirini." Aliuliza udongo ulipimwa na nani, hesabu ziko wapi, sahihi ni ya nani.

Kwa hivyo si kwamba hatuna mainjinia. Hesabu hupigwa mahali pesa ya mtu mkubwa iko hatarini. Mahali maisha ya wapangaji ndiyo yako hatarini, tunaambiwa tuamini.

Najua jibu la mwenye ploti: injinia ni bei, na mwishowe mpangaji ndiye atalipa. Mimi nasema rent ilipanda hata bila injinia. Tulilipia hita, tukalipia matangi, tukalipia bango. Hakuna aliyetuuliza kama tungependa pia kulipia hesabu.

Nani anaweza kuuliza? Wewe. Ukienda kuona keja, usiishie kwa prosha ya maji na spidi ya Wi-Fi. Uliza jengo liliidhinishwa kuwa la ghorofa ngapi, kisha simama nje uhesabu. Uliza jina la injinia aliyetia sahihi, na uliangalie kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi, EBK. Kama ni mjengo unaoendelea, tafuta bango la NCA. Ukiona ufa, chora kamstari, andika tarehe, piga picha. Ukiukuta umekua, piga ripoti kwa kaunti na picha zako mkononi. Na ukiwa fomu three au four na hesabu zinaingia, fikiria hii kazi. Si lazima sote tuwe watu wa kutengeneza apu.

Nilimwonyesha mathe ule ufa. Akaniambia nipunguze mdomo, tutafukuzwa, na twende wapi na rent ya Nairobi ni hii? Namwelewa. Ndiyo maana sijataja mtaa.

Jumamosi iliyopita fundi alikuja. Nikafurahi, nikadhani ni ile ukaguzi niliomba. Alikuwa na ndoo ya plasta na rangi ya kijani. Saa nane mchana ngazi ilikuwa inang'aa, na kamstari kangu hakapo.

Nimechora kengine.