Tope Halisafiki kwa Kubadilishiwa Jina

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa majitaka nchini Marekani walitafuta jina jipya la tope linalosalia baada ya majitaka ya miji kusafishwa. Jina la kale lilinuka. Wakachagua "biosolids", yaani yabisi zenye asili ya uhai, nalo likaenea katika nyaraka za serikali na vinywani mwa wakuzaji misitu.

Waama, tope hilo lina rutuba. Katika msitu wa Pack, mali ya Chuo Kikuu cha Washington, tope la mji wa Seattle lilianza kujaribiwa miaka ya 1970, na miti ya Douglas fir, jamii ya msonobari, ikanenepa upesi kwa nitrojeni na fosforasi. Hapo ndipo ninapohitilafiana na watetezi wake: mizani yao ni shina la mti.

Msitu una raia wengine: nyungunyungu, utitiri, bakteria na kuvu. Zipo kuvu zinazojisokota kwenye mizizi, zikaupa mti maji na fosforasi, nao mti ukazilipa kwa sukari. Tope linapoleta virutubisho kwa wingi, mti hupunguza malipo hayo, na nyingi za kuvu hizo hufifia. Bakteria walao upesi hunawiri. Anayehesabu viumbe kwa jumla huenda akasema uhai umeongezeka, ilhali jamii moja imeondoka na nyingine imehamia.

Zimo pia metali. Huko Woburn, Uingereza, tope lilitiwa shambani kati ya 1942 na 1961. Zaidi ya miaka 20 baadaye, watafiti walikuta kwamba bakteria waliobaki katika mizizi ya klova hawawezi tena kunasa nitrojeni ya hewani, kwa ajili ya metali kama kadimi na zinki zilizosalia udongoni. Lile lilikuwa shamba, si msitu. Hata hivyo, udongo wa misonobari aghalabu una asidi, na asidi huzidi kuziyeyusha metali hizo. Shamba hutiwa chokaa. Msitu atautia nani? Fauka ya hayo, mwaka 2022 jimbo la Maine lilipiga marufuku kumwaga tope ardhini, baada ya kemikali za PFAS, ambazo ni nadra kuoza, kugunduliwa mashambani.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna nini na hayo? Mwishoni mwa 2022 Kenya iliazimia kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Penye miche mingi hivyo, mwenye tope la kuuza hakosi kubisha hodi, na kijitabu chake kitafasiriwa na mmoja wetu. Wapo watakaosema kwamba mfasiri hahukumu. Lakini kuandika "mbolea" pekee ni kuhukumu tayari. Naomba aandike "tope la majitaka", kisha amdai mteja wake vipimo: nitrojeni kiasi gani, kadimi kiasi gani, na ni nani aliyechunguza kuvu na nyungunyungu kabla ya lori la kwanza kuingia msituni.