Kabla ya kuuza, jenga: Somo la mchezo mmoja kwa vijana wajasiriamali

TANGU Januari 2024, Tanzania ilipoanza kutekeleza mtaala mpya ulioingiza mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, dhana ya kujifunza kwa vitendo imepata uzito mpya. Hata hivyo, swali gumu linabaki palepale: kijana asiye na mtaji ajifunze biashara kwa kutenda nini?

Jibu mojawapo limo ndani ya kisanduku chenye vipande 54 vya mbao. Mchezo wa Jenga, unaofahamika sehemu nyingi duniani, una jina la Kiswahili, na mbunifu wake, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955 na kukulia Afrika. Safari ya mchezo huo inaonyesha kwa uwazi nini hufundishwa na mikono, na nini hufundishwa na soko.

Mchezo huo haukuanzia kwenye andiko la mradi. Ulianza miaka ya 1970 nchini Ghana, familia ya Scott ilipokuwa ikichezea vipande vya mbao vilivyonunuliwa kwenye kiwanda cha kupasua mbao mjini Takoradi. Kanuni zake zilikomaa kwa kuchezwa: vipande vitatu vitatu hupangwa kwa kupishana hadi safu 18, kisha kila mchezaji huchomoa kimoja na kukiweka juu mpaka mnara uanguke. Vipande hutofautiana kidogo kwa unene, hivyo vingine hulegea na vingine hubana. Bila tofauti hiyo ndogo mchezo hauna ladha, na hilo ni jambo ambalo mbunifu hulibaini kwa vidole.

Mjerumani Klaus Teuber, fundi wa meno bandia aliyefariki dunia mwaka 2023, alipita njia hiyo hiyo. Kabla ya mchezo wake wa Catan kutoka mwaka 1995, aliujaribu nyumbani kwa miaka kadhaa, mkewe na watoto wakiwa wachezaji wake wa kwanza. Gharama ya hatua hii ni ndogo: karatasi ngumu, mkasi, dadu na marafiki wasioogopa kusema kwamba mchezo unachosha. Anayejifunza hutakiwa kunyamaza, kutazama wachezaji wanapokwama, kurekebisha kanuni na kurudia.

Gharama kubwa huanza pale mchezo unapogeuka bidhaa. Scott aliuzindua Jenga kwenye maonesho ya vitu vya kuchezea jijini London Januari 1983, akiuza kupitia kampuni yake ndogo. Visanduku vya kwanza vilitengenezwa na jumuiya ya Camphill huko Botton, Yorkshire, inayoishi na kufanya kazi pamoja na watu wenye ulemavu. Wanunuzi hawakumiminika, na madeni yakamwelemea. Mchezo ulipata soko kubwa baada ya haki zake kupewa wengine kwa leseni, ukaingia Kanada kupitia Irwin Toy, kisha mwaka 1987 ukatolewa na Hasbro ya Marekani chini ya chapa ya Milton Bradley. Wauzaji wa huko walipotaka kubadili jina, Scott alikataa. Neno ambalo wengi wao hawakujua maana yake ndilo lililokuja kuwa alama ya biashara yenye thamani kubwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuielewa kwa mfano wa kubuni. Seti inauzwa dukani kwa Sh30,000 na mwenye duka anabakiza Sh10,000. Iwapo mbao, msasa, kisanduku na usafiri vinagharimu Sh18,000, mbunifu anabaki na Sh2,000. Seti moja ikirudishwa kwa kasoro na ikalazimu kutolewa nyingine, faida ya seti tisa imekwenda. Darasani hesabu hiyo huandikwa kwa dakika tano. Anayeikumbuka maisha yake yote ni yule aliyelipa.

Somo la tatu ni haki, na hapa ndipo wengi huumia. Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo wake wa wamiliki wa ardhi mwaka 1904. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliinunua hataza yake kwa dola 500 tu, wakati Charles Darrow, aliyeuza kwao mchezo wa Monopoly uliotokana na ule wa Magie, alitajirika kwa mrabaha. Kwa kawaida hakimiliki hailindi wazo la mchezo. Hulinda maandishi na michoro yake, na jina hulindwa kwa kusajili alama ya biashara, kazi ambayo Tanzania Bara hufanywa na BRELA. Kijana anayepeleka kazi yake Sabasaba kabla ya kulishughulikia hilo anawapa wengine nafasi ya kumtangulia.

Wapo watakaosema soko la michezo hapa nchini ni dogo na mzazi anayehangaikia ada hawezi kununua kisanduku cha kuchezea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nchi ambayo wazee wake hukaa barazani hadi jioni wakisogeza kete 64 za bao haiwezi kuambiwa haipendi michezo ya kutumia akili. Mafundi seremala wa Keko wanazo mbao na ujuzi. Kinachopungua ni mtu wa kuwaunganisha na mwenye wazo.

Hivyo shule na vyuo vinaposimamia ujasiriamali kwa vitendo, vipime kisichopimwa na mtihani: seti ngapi zimetengenezwa, ngapi zimeuzwa, ngapi zimerudishwa na kwa nini. Mwanafunzi aliyeuza seti tano na kupata hasara, kisha akaeleza hasara hiyo ilitoka wapi, ameelimika kuliko aliyekariri maana ya mtaji. Bila hivyo, "amali" itakuwa jina jipya la somo la zamani, na maneno ya Kiswahili yataendelea kuwatajirisha wengine walioyajaribu kwanza.