Chotara Huyu Anastahili Jina

Mwandishi aliyedai kuwa mmea chotara wa bustanini hauhitaji jina la kisayansi na autazame Kalanchoe × houghtonii. Mzalishaji wa mimea Houghton aliuzalisha Marekani miaka ya 1930 kutokana na spishi mbili za Madagaska, K. daigremontiana na K. delagoensis. Jani lake ni jembamba kuliko la mzazi wa kwanza, limekunjika kama mtumbwi. La mzazi wa pili ni refu na la mviringo kama kijiti. Kingoni mwa majani ya chotara huota vichipukizi vinavyodondoka na kushika mizizi. Hivyo ndivyo ulivyotoroka bustani hadi kuvamia Queensland na Hispania, na una sumu inayoua ng'ombe. Mtaalamu wa mimea Ward aliuelezea rasmi na kuupa jina mwaka 2006 tu. Kabla ya hapo mara nyingi ulidhaniwa kuwa mmoja wa wazazi wake. Mfugaji atang'oaje gugu asilolitambua? Hoja ile ifutwe.